Wakili, Kiwanja na Benki

Leo tutamzungumzia mtu ambaye jina lake mmelisikia mara nyingi, kwa sifa na kwa lawama: Hamis Kiggundu, ambaye Kampala nzima inamwita Ham. Ni kijana aliyesomea sheria Makerere, akageukia majumba, kisha akajikuta katika kesi na benki ambayo kila mwenye benki nchini aliifuatilia roho mkononi. Sikuja kumsifu wala kumsuta. Nataka tuitazame safari yake ili tujibu swali linalotuhusu hata sisi tusio na ghorofa: elimu ya sheria inamsaidia nini mtu anayetaka mali ya ardhi? Jibu langu nalisema mapema, na nitalirudia mpaka mnichoke. Sheria humfaa mwenye mali zaidi kabla ya kutia sahihi kuliko baada ya kutia sahihi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Ham alizaliwa mwaka 1984. Alihitimu sheria Makerere, lakini jina lake halikujengwa kwa kuvaa joho na kuwatetea watu mahakamani. Aliingia biashara, na biashara ikampeleka kwenye viwanja. Leo ukifika Wandegeya, karibu na chuo alichosoma, utaliona jengo la Ham Towers. Ukishuka mjini upande wa Nakivubo utakuta maduka ya Ham Shopping Grounds, na pembeni yake uwanja wa mpira wa Nakivubo, uwanja mkongwe uliotumika tangu miaka ya 1920, ambao alipewa aujenge upya na ukafunguliwa Aprili 2024 na Rais Museveni. Sasa jiulize, msikilizaji: katika kazi hizi zote, mwenye mali mwenyewe anafanya nini? Matofali yanajengwa na fundi. Ramani inachorwa na msanifu. Saruji inabebwa na vibarua. Kinachopita mikononi mwa mwenye mali kutwa kucha ni karatasi. Kuna hatimiliki ya kiwanja, mkataba wa kukodi ardhi ya umma, kibali cha ujenzi, mikataba ya wapangaji mmoja mmoja, na juu ya yote, hati ya rehani anayoipa benki ili apate fedha za kujengea. Jengo la ghorofa kumi lina bunda la karatasi chini yake, na bunda hilo likiwa na kasoro, ghorofa zote kumi zinaning'inia hewani. Ndiyo maana mtu aliyesoma sheria anaingia kwenye biashara hii akiwa hatua mbili mbele. Karatasi hazimtishi.

Hapo ndipo watu wengi husema, basi tumeelewa, soma sheria utajirike. Ngojeni kwanza. Sehemu ya pili ya safari ya Ham ndiyo yenye mafunzo zaidi, na ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Kuanzia mwaka 2011 na miaka iliyofuata, kampuni zake zilikopa fedha kutoka Diamond Trust Bank ya hapa Uganda na kampuni mama yake, Diamond Trust Bank ya Kenya. Akaweka rehani hati za viwanja. Kwa nini benki ya Kenya iingie? Kwa sababu sheria yetu ya taasisi za fedha ya mwaka 2004 inaizuia benki kumkopesha mteja mmoja zaidi ya robo ya mtaji wake. Mtu akitaka fedha nyingi kuliko uwezo huo, benki ya hapa huita benki ya nje washirikiane kumkopesha. Jambo hili ni la kawaida kabisa. Viwanda na mahoteli mengi mnayoyaona yamejengwa kwa mikopo ya namna hiyo.

Januari 2020 Ham akaenda Mahakama Kuu, kitengo cha biashara. Alidai kwamba benki hizo mbili zilikuwa zimechota kwenye akaunti zake, bila idhini yake, zaidi ya shilingi bilioni 34 na dola milioni 23. Benki zikajibu kwamba huyu bwana alikopa, hajamaliza kulipa, na sasa anatafuta mlango wa kutokea. Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na ni rahisi kulieleza hata kwa mtoto: nani anamdai nani? Lakini kesi haikubaki hapo. Mawakili wa Ham wakaleta hoja nyingine, kwamba benki ya Kenya haina leseni ya Benki Kuu ya Uganda, kwa hiyo kukopesha kwake hapa kulikuwa kinyume cha sheria, na mkopo wote hauna uhalali. Oktoba 2020 Jaji Henry Peter Adonyo akaikubali hoja hiyo, akaamuru Ham arudishiwe fedha na hati zake. Mnakumbuka zogo lililofuata. Mabenki yakaona giza, maana kama mkopo wa benki ya nje ni haramu, basi mikopo mingi mikubwa nchini ilikuwa imesimama juu ya mchanga.

Mei 2021 Mahakama ya Rufaa ikatengua hukumu hiyo. Juni 2023 Mahakama ya Juu nayo ikaona kwamba benki ya nje kutokuwa na leseni ya hapa hakuufanyi mkopo wake uwe haramu, na shauri likarudishwa Mahakama Kuu lisikilizwe. Sasa hesabuni nami taratibu, wasikilizaji. Kuanzia Januari 2020 hadi Juni 2023 ni miaka mitatu na nusu. Katika muda wote huo mahakama tatu zilikaa, mawakili wakubwa wa nchi wakalipwa, magazeti yakauzwa. Na lile swali la kwanza, nani anamdai nani na akaunti zinasemaje, bado lilikuwa halijasikilizwa. Mtu aliyesomea sheria, mwenye fedha za kumlipa wakili yeyote amtakaye, alitumia miaka mitatu na nusu akarudi pale pale alipoanzia. Kama yeye ilikuwa hivyo, wewe wa Buwenge hapa Busoga, mwenye ekari mbili za miwa, itakuwaje?

Niseme wazi ninavyoona. Kwenye ile hoja ya leseni, nadhani mahakama za juu zilikuwa na haki. Mtu akipokea fedha, akazijengea, jengo likasimama na wapangaji wakalipa kodi, si sawa aje baadaye aseme aliyenipa hakuwa na kibali cha kunipa. Biashara haiendi hivyo, na tukiiruhusu iende hivyo, watakaoumia mwisho ni wakopaji wanaokuja nyuma, kwa sababu benki zitaogopa na riba itapanda. Lakini kwenye ile hoja nyingine, ya benki kukata fedha kwenye akaunti ya mteja, nasema Ham aliuliza swali ambalo kila mteja ana haki ya kuuliza, awe na mabilioni au laki mbili: fedha hii mmeikata kwa kifungu kipi cha mkataba wetu? Kinachosikitisha ni kwamba swali hilo zuri lilizikwa chini ya lile la leseni. Na majibu ya maswali yote mawili yalikuwa, au yalipaswa kuwa, ndani ya karatasi zilizotiwa sahihi kabla ya fedha kutoka. Ndiyo maana narudia: sheria humfaa mtu zaidi kabla ya sahihi.

Tutazame upande wa pili wa barabara, kwa mtu aliyetoka kwenye biashara na majumba akaingia kwenye benki. Huyo ni Sudhir Ruparelia. Yeye si mwanasheria. Alirudi Uganda miaka ya 1980 baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, akaanza na biashara ndogo, akafungua duka la kubadilisha fedha, na mwaka 1995 akaanzisha Crane Bank. Benki hiyo ilikua mpaka ikawa miongoni mwa kubwa nchini. Oktoba 2016 Benki Kuu ikaichukua, na Januari 2017 ikaikabidhi kwa benki ya DFCU. Kisha Benki Kuu ikamshtaki Sudhir kwa jina la Crane Bank, akidaiwa karibu shilingi bilioni 400, na pia akitakiwa kukabidhi hati za majengo yaliyokuwa na matawi ya benki. Na hati hizo zilikuwa kwa jina la nani? Za Meera Investments, kampuni ya familia yake. Benki ilikuwa mpangaji tu. Agosti 2019 Jaji David Wangutusi akaitupa kesi. Alisema benki iliyo chini ya mpokeaji mali (receiver) haikuwa na uwezo wa kushtaki, na zaidi ya hapo, kampuni ambayo hisa zake nyingi si za raia haiwezi kumiliki ardhi ya Uganda kwa hati ya milele, kwa hiyo hata kudai hati hizo isingeweza. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye mwaka 2020, na Benki Kuu haikufua dafu hata ilipofika Mahakama ya Juu.

Mnaliona tofauti? Mtu anaweza kumpenda Sudhir au asimpende. Hilo ni lake. Mimi natazama karatasi. Hati za yale majengo zilikuwa na jina fulani juu yake tangu mwanzo, na kesi haikuzitoa kwenye jina hilo. Huyu ambaye hakusomea sheria alikuwa na karatasi zilizomlinda pale kwenye ardhi, na yule aliyeisomea akajikuta anapigania tafsiri ya karatasi zilizokwisha tiwa sahihi. Kwa hiyo shahada peke yake haimlindi mtu. Kinachomlinda ni kazi ya sheria iliyofanywa mapema, iwe umeifanya mwenyewe au umemlipa mtu akufanyie.

Najua kuna msikilizaji anayetikisa kichwa sasa hivi. Anasema: wewe mtangazaji unatudanganya, matajiri hawa hawakupata mali kwa kusoma mikataba, wamepata kwa kujuana na wakubwa. Hoja hiyo ina uzito, na sitaipuuza. Kiwanja cha umma kama Nakivubo kupewa mtu binafsi akijenge na akifanyie biashara ni jambo lililozua maneno mengi, na maneno hayo yana msingi wake. Si kila mhitimu wa sheria anaweza kuingia ofisi kubwa akatoka na uwanja wa mpira. Hata hivyo, kujuana kunakufungulia mlango tu. Ukishaingia, unakuta meza, na juu ya meza kuna karatasi. Nchi hii imewaona watu wengi waliojuana na wakubwa wa serikali moja, serikali ikabadilika, na wakanyang'anywa kila kitu kwa sababu karatasi zao zilikuwa dhaifu. Waulizeni wazee wa Jinja, watawasimulia kuhusu majumba ya Waasia ya barabara kuu yaliyogawiwa baada ya 1972, na jinsi yalivyorudi kwa wenye hati miaka ya 1990. Waliopewa kwa kujuana waliondoka. Waliokuwa na hati walirudi.

Mwingine atasema: sawa, lakini hayo ni ya matajiri, maskini hana fedha ya wakili. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo Buwenge ilipo. Ardhi kubwa ya Busoga ni ya kimila. Katiba ya mwaka 1995 inaitambua, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inampa mwenye ardhi ya kimila haki ya kuomba cheti cha umiliki. Wangapi kati yenu mnacho? Mashamba mengi tunayoyakodisha kwa wakulima wa miwa yanakodishwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Juu imeandikwa tarehe, katikati kuna maneno manne au matano kwamba fulani amemkodisha fulani ekari mbili, chini kuna muhuri wa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC) na alama ya kidole gumba. Ukitaka kujua muwa unavunwa mara ngapi kabla shamba halijarudi kwa mwenyewe, karatasi haisemi. Ukitaka kujua nani atang'oa visiki, karatasi haisemi. Mipaka ni mwembe na njia ya kwenda kisimani. Kisha mwenye shamba anakufa, watoto wanaambiwa baba alikodisha kwa miaka mitano, aliyekodi anasema ni mavuno matano, na muwa unaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa. Piga hesabu mwenyewe tofauti ya miaka mitano na mavuno matano. Hapo hakuhitajiki wakili wa Kampala. Kulihitajika mstari mmoja zaidi kwenye ile karatasi.

Na kwenye mikopo ni vivyo hivyo. Siku hizi kijijini kuna SACCO, kuna fedha za mpango wa serikali wa parishi, kuna kampuni za kukopesha mjini Jinja zinazotaka kadi ya bodaboda au makubaliano ya kiwanja. Sheria imemwekea mkopaji mdogo kinga ambazo wengi hawazijui. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inasema ukishindwa kulipa, mkopeshaji mwenye rehani akuandikie kwanza, akupe siku 45 za kazi urekebishe, na kabla ya kuuza akupe tena taarifa ya siku 21 za kazi. Siku za kazi, si siku za kalenda. Sheria ya Ardhi inasema ardhi ambayo familia inaishi na kula juu yake haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Na tangu zama za mkoloni ipo sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma: anayemwandikia hati mtu asiyesoma lazima amsomee, amweleze, kisha aandike jina lake na anwani yake kuthibitisha kwamba amefanya hivyo. Hebu fikiri ni mikataba mingapi iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikawekwa mbele ya mama anayesema Lusoga tu, akaonyeshwa mahali pa kubonyeza kidole! Kinga hizi zote zinamfaa anayezitaja akiwa bado amekaa kwenye kiti cha mkopeshaji. Anayezikumbuka wakati dalali wa mahakama ameshafika na kipaza sauti atalazimika kukimbilia kortini, na kanuni za rehani za mwaka 2012 zinairuhusu mahakama kumtaka aweke kwanza asilimia 30 ya deni au ya thamani ya mali iliyowekwa rehani kabla ya kusimamisha mnada. Aliyeshindwa marejesho ya mwezi mmoja ataitoa wapi asilimia 30?

Kuna hoja ya mwisho, na hii hutoka kwa wakopeshaji wenyewe. Wanasema mkiwafundisha watu sheria, mnawafundisha kukwepa madeni. Nawaelewa, hasa baada ya kesi ya Ham kuwatia hofu. Lakini wanachanganya mambo mawili. Mtu anayetafuta sheria baada ya kukopa, huyo kweli mara nyingi anatafuta mlango wa kutokea. Mtu anayeuliza kabla ya kukopa anajua tarehe za kulipa, anajua riba inavyokua akichelewa, anajua ni kitu gani kitauzwa. Huyo ndiye mteja salama kuliko wote, na afisa mikopo mwenye akili atamwekea kiti na kumjibu swali lake hadi mwisho. Ukimuona afisa anayekasirika kwa sababu umeomba kuichukua karatasi nyumbani ukaisome usiku mmoja, mkopo wa hapo uache.

Basi nawaomba mambo machache, na muda wetu unakwisha. Anayetaka kununua au kupokea kiwanja chenye hati kama dhamana, aende kwanza ofisi ya ardhi, Jinja au Mbale, aombe rejista ipekuliwe ili ajue jina lililoandikwa mle na kama kuna rehani au pingamizi. Mwenye ardhi ya kimila aanze safari ya cheti chake kupitia kamati ya ardhi ya eneo lake, akiwa na majirani wa mipaka wote. Anayekodisha shamba la miwa aandike idadi ya mavuno, si miaka peke yake, na kila upande ubaki na nakala. Na ewe ambaye kesho asubuhi una miadi na mkopeshaji, usitie sahihi kesho. Omba karatasi, rudi nayo nyumbani, kaa na mke wako au mume wako na mtoto aliyesoma, muipitie mstari kwa mstari, na yale msiyoyaelewa myapeleke kwa wakili hata kama atawatoza fedha kidogo. Mkopeshaji atakusubiri, fedha zake hazimpi faida mpaka azikopeshe.